Neno Kutoka Juu ya Ngazi

Bango la Misima nilipaswa kulikataa. Nilikuwa juu ya ngazi, nimeugonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, na nimesikia sauti ninayoijua kuliko mlio wa mlango wa nyumba yangu. Ukuta ule ulikuwa mtupu. Lipu ilikuwa imeachana na matofali, imebaki kushikiliwa na rangi na mazoea. Chini yangu alisimama shemeji yangu Athumani, kamba mkononi, akisubiri neno langu. Nikaita, "Mzima!" Akaniamini, akavuta.

Vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie habari za kazi kabla sijasahau. Sijasahau. Kilichostaafu ni magoti, si kichwa. Lakini nimeona nianze na hilo la Misima, ili mtakapofika kwenye habari za gundi na misumari mjue kwamba anayewaandikia si mtu wa kuja kujisifu. Mengine nitayapanga kama yalivyofuatana.

Niliingia kazini Korogwe nikitokea kwetu Handeni, nimemaliza kidato cha nne na sina mpango mwingine. Karakana ilikuwa chumba kimoja upande wa reli, na mwenyewe alikuwa Mzee Yohana, Msambaa wa milimani. Kabla ya mabango alikuwa fundi mwashi. Alisema alibadili kazi kwa sababu bango ni jepesi kuliko tofali, na ukilikosea unaweza kulikunja ukaondoka nalo. Siku ya kwanza nilikwenda na shati jeupe lililopigwa pasi, maana nilidhani kazi ya maandishi ni kazi ya kukaa mezani. Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Umekuja kuoa?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kazini."

"Basi livue, ulitundike pale. Hilo ndilo bango lako la kwanza."

Nikachukua msumari, nikaupigilia ukutani, nikatundika shati. Msumari ukatoka na kipande cha ukuta kikubwa kama chapati, shati likaanguka kwenye kopo la rangi ya bluu. Mzee Yohana hakucheka.

"Uliugonga?"

"Niugonge nini?"

"Ukuta. Unampa mtu mzigo bila kumwamkia?"

Kwa hiyo nilianza kazi kwa kugonga kuta. Alinituma mjini na bisibisi tupu, nigonge kila ukuta ambao mwenyewe ataniruhusu, kisha nirudi nimweleze nilichosikia. Watu walidhani nimechanganyikiwa. Bibi mmoja karibu na soko alinitazama nikigonga ubavu wa nyumba yake, akashindwa kuvumilia. "Mjukuu wangu, mlango uko mbele. Hodi ya ukutani atakuitikia nani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, ila ukuta huitikia. Tofali la saruji lililopigwa lipu vizuri hutoa sauti fupi, ngumu, inayorudi hadi kwenye kiganja. Tofali la kuchoma lina sauti kali kidogo, kama sahani ya udongo. Tofali mbichi hutoa sauti nzito isiyokwenda mbali, na hilo unaweza kulitundikia kitu chepesi ukiwa na adabu. Ukuta mtupu, yaani ule ambao lipu yake imeachia na kuacha uwazi nyuma, hulia kama debe lililofunikwa blanketi. Ukishaisikia mara moja hutaisahau. Na uwazi huo hutauona kwa macho, kwa sababu mwenye nyumba akiona ufa jambo la kwanza analofanya ni kununua rangi. "Rangi haiponyi ukuta," Mzee Yohana alikuwa akisema. "Inauvisha tu, uende msibani umependeza."

Athumani alikuja baada yangu. Kwao ni Kerenge, kijana mrefu mwenye mikono ambayo Mzee Yohana aliipenda mara tu alipoiona. Mimi nilikuwa na sikio. Athumani alikuwa na mikono. Alikuwa na namna ya kuivuta kamba ya chini ya bango polepole, kisha kwa uzito wake wote, hadi kitambaa kikalala juu ya ukuta bila mkunjo hata mmoja. Siku hizo mabango yalikuwa kitambaa cheupe tulichoandika wenyewe kwa brashi, na kitambaa kikiwa na mikunjo, herufi hugeuka. Tuliwahi kuona bango la wenzetu lililomkaribisha mgeni rasmi likasomeka kama linamfukuza.

Nilikwenda Kerenge kwao mara ya kwanza kubeba machungwa, nikarudi na mawazo ya dada yake, Mwanaidi. Nilipopeleka posa, Athumani alikuwa wa kwanza kunirushia utani.

"Nyie Wazigua wa Handeni mnakuja kuoa kwetu kwa sababu ya maji tu. Sema kweli."

"Na nyie mnatuozesha kwa sababu ya mahindi."

"Dada yangu ataoga wapi huko? Kwenye kikombe?"

"Tutamletea wewe, shemeji. Kwa maneno yako tu, kisima kitajaa."

Mwanaidi aliyasikia hayo akiwa ndani, akatoka na kusema kwamba kama tumemaliza kuuziana yeye angependa kuulizwa. Aliulizwa, akakubali. Tangu hapo mimi na Athumani tukawa shemeji, na kazini tukawa jozi moja. Mzee Yohana hakutupangia kazi tofauti tena.

Sasa nieleze namna jozi ilivyofanya kazi, kwa sababu nyinyi mna simu masikioni na mnapigiana kelele ovyo. Mmoja hupanda, mmoja hubaki chini. Wa juu hugonga mahali pote atakapoweka skrubu. Wa chini hawezi kusikia mlio wa ukuta, kwa sababu kwenye kazi zetu daima kuna spika inajaribiwa au jenereta inawashwa. Kwa hiyo wa juu huita neno moja. Akisema "Mzima!", wa chini huvuta kwa uzito wake wote. Akisema "Mtupu!", hakuna kuvuta. Tunaacha ukuta, tunafunga kamba kwenye mbao za paa, au tunachimbia nguzo mbili mbele ya ukuta na bango linasimama lenyewe. Wa chini haulizi mara ya pili. Mzee Yohana alisema anayetaka kuuliza mara ya pili apande mwenyewe, na jozi ikifika hapo itafutiwe kazi ya kuuza maandazi.

Nilipanda mimi, kwa ajili ya sikio. Sikumbuki hata siku moja kabla ya Misima ambayo Athumani alinyanyua kichwa kuuliza.

Makosa ya kujifunzia tuliyafanya, tena mengi. Kubwa la kuchekesha lilikuwa Handeni mjini, kwa Mama Sofia, mkunga mstaafu aliyepaka nyumba yake rangi ya waridi kwa ajili ya sherehe ya kumuaga binti yake. Alitaka bango la kuwakaribisha wageni, na hakutaka tundu hata moja kwenye ukuta wake mpya. Mimi nikaona jibu ni gundi ya utepe, ile inayoshika pande mbili. Niligusa rangi, ilikuwa kavu. Tukabandika, likapendeza, wakwe wakapiga picha. Jioni tulipolibandua, rangi ikaja nalo kwa mikanda mirefu hadi saruji ikaonekana.

Mama Sofia alitoka na kitenge chake cha sherehe, akasimama mikono kiunoni.

"Mmeinyoa nyumba yangu kiduku!"

"Samahani sana, mama. Tutairudisha."

"Mtairudisha lini? Bwana harusi ataniuliza kama ukuta nao umeolewa leo!"

Athumani aliinama kuficha kicheko, akajidai anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Tulirudi asubuhi, na hapo tukajifunza kwamba viraka havifanani na ukuta hata ukitumia kopo lilelile. Tukapaka ukuta mzima, pembe hadi pembe. Shikeni hili: rangi mpya hukauka juu kabla ya ndani. Kiganja kitakudanganya. Bonyeza kwa ukucha mahali pasipoonekana, na kama ukucha unaacha alama, usibandike kitu. Funga kwa kamba kutoka kwenye paa au mwambie mteja asubiri wiki kadhaa. Kwenye chokaa ni rahisi zaidi: futa kwa kiganja, kikitoka cheupe, gundi yako itashika chokaa na chokaa haitashika ukuta. Na mnapobandua utepe wowote, bandueni jua likiwa kali, taratibu, mkivuta sambamba na ukuta na si kuelekea kwenu. Mwenye haraka anyoe vichwa.

Kwenye ukuta wa matofali uliopakwa rangi bila lipu, usitoboe tofali. Toboa kwenye mstari wa saruji kati ya tofali na tofali. Tofali lililopasuka halizibiki, mstari unazibika kwa kidole. Vumbi la tundu litoe kwa pampu ya baiskeli, si kwa mdomo, la sivyo utarudi nyumbani na macho ya mlevi. Na bango la turubai, haya yaliyokuja baadaye yenye vijicho vya chuma vya kupitishia kamba pembeni, msilifunge kwa kamba ngumu peke yake. Kata mipira ya ndani ya tairi la baiskeli iwe vipande, iunge kati ya kijicho na kamba. Upepo wa Handeni wakati wa kiangazi unapolipiga bango, mpira unavutika, kijicho kinapona. Kuna wanaokata matundu ya nusu mwezi kwenye bango ili upepo upite. Mzee Yohana alisema matundu hayo humsaidia zaidi muuza mabango, maana mteja atahitaji jingine.

Baada ya kazi, tulirudisha ukuta. Ndivyo Mzee Yohana alivyoiita kazi hiyo: kurudisha. Tuliziba kila tundu, tukapaka kwa rangi tuliyoweka akiba, tukamwita mwenyewe aje aangalie kukiwa na jua. Mzee Yohana alisema ukuta tumeazimwa, na kilichoazimwa hakirudi kichafu. Kwa sababu hiyo hatukunyimwa ukuta popote, Korogwe wala Handeni, kwa Waislamu wala kwa Wakristo. Alituachia karakana alipochoka, akarudi milimani, na akafariki huko kabla ya Misima. Niliwahi kushukuru kwamba hakuyaona yale. Kisha niliona aibu kwa kushukuru.

Nifike sasa Misima, kule Handeni.

Kazi ilikuwa ya kampuni ndogo ya mbegu iliyokuja kujitangaza kwa wakulima. Ilikodi ghala la mahindi la mfanyabiashara mmoja, likapakwa rangi ya kijani upya ili lipendeze kwenye picha. Bango lilikuwa kubwa kuliko yote tuliyowahi kutundika, la kufunika karibu upande mzima wa mbele. Nilipoliona ghala nilijua ni la zamani, la tofali mbichi na lipu ya saruji juu yake. Mchanganyiko huo ni ndoa mbaya. Udongo hunywa maji na kuvimba, saruji haisogei, na mwisho wao hutengana wakiwa ndani ya nguo moja.

Mratibu wa sherehe alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye miwani ya jua na haraka. Si kijana mbaya. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimesikia watu wakimlaumu yeye. Nilimwambia nataka kuchimbia nguzo mbele ya ghala.

"Nguzo zitaonekana kwenye picha, mzee wangu. Nataka bango lilale ukutani, flati, kama limechorwa."

"Basi nifunge kwenye paa."

"Kamba zitaonekana. Mzee, hii ni ya siku moja tu. Kesho asubuhi mnalitoa. Tupia fasta, wageni wako njiani."

"Ukuta huu ni wa kuuchunguza."

"Chunguza, mzee. Wewe si ndiye mtaalamu? Wameniambia Handeni nzima hakuna kama wewe."

Hapo ndipo aliponishika, na hakujua kwamba amenishika. Maneno hayo yalinipendeza. Nilipanda ngazi nikiwa tayari nimeshatamani jibu fulani.

Nilitakiwa kufunga ubao mrefu kwa skrubu upande wa juu, bango lining'inie kwenye ubao, na Athumani avute kamba ya chini ili lilale. Niligonga upande wa kushoto, ukuta ukanijibu vizuri. Niligonga katikati, sauti ikazama. Nikagonga tena, kama mtu anayemuuliza mtoto mara ya pili akitumaini atabadili jibu. Debe na blanketi. Nikagonga kulia, vilevile. Niliangalia barabarani nikaona vumbi la magari ya wageni. Nilimwona mratibu akitazama saa. Nilihesabu kichwani kwamba skrubu za kushoto zitabeba, kwamba ni la siku moja, kwamba upepo umetulia. Kwa kila moja ya hesabu hizo ningemtandika kijana yeyote wa karakana.

"Vipi, shemeji?" Athumani aliuliza kutoka chini. Hakuuliza kwa wasiwasi. Alitaka tu neno lake.

"Mzima!"

Nilifunga ubao, nikashuka, nikasogeza ngazi pembeni. Athumani alizungusha kamba kwenye kiganja cha kulia, kama alivyofanya siku zote, akavuta polepole, kisha akaweka uzito wake wote. Bango lililala vizuri. Kwa muda mfupi lilikuwa zuri kuliko kazi zote tulizofanya. Kisha nikasikia kishindo kidogo, kama mtu anayekaa kitandani, na lipu yote kuanzia katikati hadi kulia ikaondoka ukutani kwa pamoja na ubao wake. Alikuwa amezungusha kamba mkononi, kwa hiyo hakuweza kuachia na kukimbia. Ilimwangukia kwenye mkono na bega.

Tulimtoa chini ya vipande vya kijani. Ilikuwa ajabu jinsi rangi ilivyokuwa imeshika vizuri.

Hospitalini walifanya waliloweza. Kiwiko kilipona kwa kupinda, na vidole vya mkono wa kulia havikufunga tena. Siku alipopata nguvu ya kuzungumza, Mwanaidi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, na mimi nimekaa kando.

"Shemeji."

"Naam."

"Uligonga?"

"Niligonga."

"Ukasikia nini?"

Ningeweza kusema rangi mpya ilinidanganya. Watu wote wa Misima walikuwa wakisema hivyo, na hata mwenye ghala aliniunga mkono. Nilimwangalia usoni.

"Mtupu."

Mwanaidi aliweka mkono mdomoni. Athumani alitazama dari, kisha akasema, "Mwanaidi, nipe maji." Kikombe kilikuwa upande wangu. Mwanaidi alizunguka kitanda kuja kukichukua.

Mke wangu alinisema mara moja tu, siku ile jioni tukiwa njiani kurudi. "Ungemwambia mtupu, angekucheka, mngechimba nguzo, mngerudi nyumbani. Ulikuwa unaogopa nini?" Hakurudia tena swali hilo katika maisha yetu, na mimi sikuacha kulitafutia jibu.

Athumani alirudi Kerenge, kwenye machungwa ya baba yake. Niliendelea na kazi, kwa sababu niliona kuacha ni kukimbia. Lakini nilijiwekea sharti, na nimelishika hadi siku niliyokabidhi bisibisi: nikisikia mtupu, nasema mtupu, ukuta uwe wa nani na mgeni awe nani. Nimekosana na kamati za mahafali. Nimeshuka ngazi mbele ya umati ulionizomea. Kuna wateja Korogwe waliokuwa wakiniita Mzee Hapana, na wakaendelea kuniletea kazi, nadhani kwa kutaka kuona kama siku moja nitakubali.

Kule Kang'ata niliitwa na mwenye duka aliyetaka bango la ufunguzi. Niligonga, nikashuka.

"Mtupu. Tutachimba nguzo."

"Mzee, ukuta huu nimeupaka juzi! Unaogopa ukuta?"

"Siogopi ukuta. Naogopa kumwita mtu asimame chini yake."

"Basi nitamleta fundi mwingine."

"Mlete. Nitakaa hapa nimweleze nilichosikia, kisha atagonga mwenyewe."

Nilikaa kweli, kwenye kreti ya soda mbele ya duka lake, hadi akakasirika, akacheka, akaagiza majembe. Nguzo zilisimama vizuri. Ukuta ule uko hivyohivyo hadi leo, na huenda utasimama kunizidi. Sijali. Kukataa si utabiri. Unakataa kwa kile ulichokisikia siku hiyo.

Na kila msimu nilikwenda Kerenge. Athumani hakunifukuza hata siku moja. Alinikaribisha, tulikula sahani moja, alinionyesha namna alivyojifunza kubebesha miche ya michungwa, yaani kuunga kikonyo kwenye shina, kwa mkono wa kushoto. Utani ulirudi kidogo. Aliwahi kuniambia kwamba nimezeeka hadi Handeni inaonekana kijani. Nilimwomba arudi karakana, awafundishe vijana namna ya kusoma bango kwa macho kabla ya kulivuta. Akasema miche inamtosha.

Lakini nililiona jambo moja polepole, kama unavyoona ufa. Nikimwambia gari la Korogwe limeshapita, alitoka barabarani akauliza. Nikimwambia nimefunga zizi la mbuzi, alisubiri kidogo, akanyanyuka, akaenda kuangalia, akarudi na kuendelea na mazungumzo pale tulipoyaachia. Hakufanya kwa chuki. Alifanya kama mtu anayechechemea, ambaye mguu umeshazoea. Nami sikumuuliza. Nilijipa kazi moja: kutomwambia neno lolote ambalo sijaliona kwa macho yangu. Nikisema nitafika Ijumaa, nilikuwa njiani kabla ya jua kutoka. Nikisema dada yake anamsalimu, nilikuwa nimemwambia Mwanaidi aitamke salamu hiyo mbele yangu. Niliamini kwamba miaka ikitosha, ataacha kwenda zizini.

Mwanaidi aliugua muda mfupi kabla sijastaafu. Alifariki nyumbani, asubuhi, nimemshika mkono. Baada ya kumfunika nilitoka uani nikampigia Athumani, kwa sababu sikutaka asikie kwa mtu mwingine.

"Shemeji, Mwanaidi ametutoka."

Nilisikia kuku wa kwake.

"Ngoja kidogo," akasema, na simu ikakatika.

Jirani yangu Mama Rehema alikuwa amesimama karibu yangu akifuta machozi kwa ncha ya khanga. Simu yake ikaita. Akaitazama, akaipokea.

"Ndiyo, kaka Athumani," alisema. "Ndiyo, ni kweli. Nimemwona mwenyewe."

Kisha simu yangu ikaita, na Athumani akasema anakuja. Alikuja. Aliingia kaburini kumpokea dada yake kwa mkono wa kushoto, akakaa nami siku zote za msiba, akala nami, akalala kwenye mkeka uliogusana na wangu. Hakuacha jambo lolote ambalo shemeji humfanyia shemeji.

Watu wakiniuliza Misima iligharimu nini, huwa najibu: mkono wa Athumani. Lakini huo alilipa yeye. Nilicholipa mimi ni mtu mmoja aliyekuwa akivuta kwa uzito wake wote kwa sababu tu nimesema. Yuko hai, ananipenda, na nilipomwambia dada yake amekufa, ilibidi amuulize mtu mwingine.